Bei ya uniti ya gesi imeshuka Oktoba 2025, bili yangu imepanda karibu mara tatu. Mlioko Uingereza nieleweshwe

#1 Kidumu
Wakuu habari za jioni. Nipo Reading, nyumba ya vyumba vitatu, gesi tunaitumia kwa hita, maji ya moto na jiko. Bili ya Septemba, gesi peke yake, ilikuja £29.05. Ya Oktoba imeingia jana usiku: £79.40.

Mwanzo nikasema sawa, bei imepanda, maana mwishoni mwa Agosti 2025 Ofgem, mdhibiti wa nishati wa huku, walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba bei kikomo inapanda asilimia 2. Lakini nikiisoma bili yenyewe, bei ya uniti IMESHUKA kidogo. Kilichopanda ni ile ada ya kila siku, ile unayolipa hata ukilala gizani.

Sasa asilimia 2 imezaaje £50? Sitaki kuwapigia kampuni kabla sijajua ninachouliza. Mara ya mwisho nilisikilizishwa muziki dakika arobaini, simu ikakatika nikiwa nimeshaukariri ule wimbo.

#2 Mtukutu Jr
Wizi mtupu. Bei kikomo ya Oktoba hadi Desemba 2025 ni £1,755 kwa mwaka, ipo kwenye habari. Ukishafikisha hapo unaacha kulipa na hawana la kukufanya.

#3 Mkemia wa Mtaa
Mtukutu, utampeleka mwenzio mahakamani na ndala.

Wewe umekulia Bongo, unajua EWURA wanavyotangaza bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Wakisema lita moja ya petroli Dar isizidi kiasi fulani, wamekuambia mwisho wa tenki lako? Hawajasema. Ukiendesha hadi Tunduma na kurudi ni juu yako. Ofgem ni hivyo hivyo: kikomo kipo kwenye bei ya uniti na kwenye ada ya siku. Hakuna kikomo kwenye bili.

Hiyo £1,755 ni hesabu ya kaya ya mfano, gesi na umeme pamoja, inayotumia uniti (kWh) 11,500 za gesi na 2,700 za umeme kwa mwaka na kulipa kwa makato ya benki. Watangazaji wanaipenda kwa sababu ni namba moja. Binafsi naona imewapotosha watu wengi kuliko ilivyowasaidia.

#4 Ngosha Mtulivu
Niko Mwanza nasoma huu uzi huku nachochea mkaa. Kumbe na huko kuna EWURA! Mkija Desemba mnatutambia kweli.

#5 Kadogo254
Hapo #3 amesema ukweli. Sisi Wakenya tunangoja EPRA tarehe 14, usiku huo foleni ya petrol station si mchezo. Shida ya gesi ya bomba ni kwamba huwezi kuijaza kwenye jerikeni tarehe 30 Septemba.

Kitu kimoja tu unaweza: siku ambayo bei inabadilika, soma mita na utume namba. Usipotuma wanakadiria wenyewe umechoma ngapi kabla na ngapi baada. Mimi huweka alarm. Bei inabadilika Januari, Aprili, Julai na Oktoba, hiyo si kazi kubwa.

#6 Belfasti
Kwa walioko Ireland ya Kaskazini: bei kikomo ya Ofgem haituhusu. Huku kuna mdhibiti wetu, na bei za gesi zinapitiwa kwa utaratibu wake. Nawaambia mapema maana mwaka jana mtu wa Lisburn alibishana na kampuni wiki nzima kwa namba za Uingereza.

#7 Mkemia wa Mtaa
Asante Belfasti. Kidumu, wakati unasubiri wajuzi, tupige hesabu. Natumia wastani wa Ofgem kwa England, Scotland na Wales, VAT ya asilimia 5 ikiwa ndani. Mkoa wako utatofautiana kidogo.

Julai hadi Septemba 2025: uniti peni 6.33, ada ya siku peni 29.82.
Oktoba hadi Desemba 2025: uniti peni 6.29, ada ya siku peni 34.03.

Uniti imeshuka peni 0.04. Ukitumia uniti 11,500 kwa mwaka umeokoa £4.60, yaani kahawa moja. Ada imepanda peni 4.21 kwa siku, kwa siku 365 ni £15.37. Kwa hiyo upande wa gesi, kaya ya mfano inaongezewa kama £11 kwa mwaka. Kwa MWAKA, Kidumu. £50 za mwezi mmoja haziwezi kutoka hapo hata uzikamue.

Halafu angalia anayetumia kidogo. Mtu wa chumba kimoja, uniti 3,000 kwa mwaka, anaokoa £1.20 na kulipa ada ile ile ya ziada ya £15.37. Hilo ndilo linaloniuma. Anayebana anaumia kuliko anayechoma.

#8 Bi Shuwari
Hapo kwenye ada ya siku mmenigusa donda. Niko Leicester, mita yangu ya kulipia kabla. Gesi ina kadi, umeme una funguo, kama LUKU isiyo na simu. Julai nilikwenda Tanga wiki sita kumuuguza mama. Nilizima kila kitu, hadi friji niliifungua mlango.

Narudi usiku, mvua, mabegi mlangoni, nyumba baridi. Nakwenda dukani naweka £10 kwenye kadi. Naichomeka: mita inasoma bado nadaiwa! Ada ya siku imekula siku 42 mimi nikiwa Chumbageni nakunywa uji, kama £12 na ushee. Juu yake kulikuwa na salio la dharura nililokopa kabla ya safari. Ikabidi nirudi tena dukani na kanga kichwani, yule kijana wa Kihindi akaniuliza, "Shangazi, umesahau maziwa?"

#9 Ngosha Mtulivu
Shangazi pole, lakini nimecheka. Hiyo ni kodi ya jengo kwenye LUKU kabisa. Unanunua umeme, serikali inaonja kwanza.

#10 Laghai Mstaafu
Na sisi tulikuwa na ada ya huduma ya TANESCO kila mwezi, ikafutwa 2016 kwa wateja wadogo. Huyo Ofgem aje Dodoma asomeshwe.

#11 Fundi Boila
Mleta uzi, nafunga na kutengeneza boila Birmingham mwaka wa tisa sasa. Kabla ya kumlaumu mtu niambie vitu vitatu. Mita yako ni ya futi au ya mita? Pembeni ya namba ya kusoma kwenye bili kuna herufi gani? Na boila umeiwasha tarehe ngapi?

#12 Kidumu
Mkemia nimekupata, kwa hiyo si bei. Fundi, hilo la futi na mita silijui kabisa. Nifafanulie kama mtoto wa darasa la pili.

#13 Fundi Boila
Mita za zamani zinapima gesi kwa futi za ujazo, kwa mamia, na kwa kawaida zina tarakimu nne nyeusi. Za kisasa zinapima mita za ujazo, tarakimu tano. Namba nyekundu au zile baada ya nukta usizisome. Yako ikiwa ya futi lazima kwanza izidishwe kwa 2.83 ndipo ipatikane mita za ujazo. Kutoka hapo wanazidisha kwa 1.02264, wanazidisha tena kwa kipimo cha joto ambalo gesi inatoa ikiungua, ambacho kimeandikwa kwenye bili na mara nyingi kinacheza kwenye 39, halafu wanagawa kwa 3.6. Hapo ndipo uniti inapozaliwa. Kwa mkato, mita moja ya ujazo ni uniti 11 na kidogo.

Sasa balaa: mita ikiwa ya kisasa na kompyuta ya kampuni imeiandika kama ya zamani, kila kitu kinazidishwa mara 2.83. Bili yako imepanda mara ngapi vile?

#14 Mtukutu Jr
79.40 gawa kwa 29.05 = 2.73!!! NIMESEMA WIZI. Funga uzi.

#15 Shemeji wa Luton
Msifunge. Hilo lilinipata 2019 nilipohamia nyumba ya sasa. Mita ilikuwa imebadilishwa kabla yangu, kampuni wakabaki na kumbukumbu za ile ya zamani. Miezi saba nalipa kama nina kiwanda cha mkate. Nilipiga picha ya mita, herufi m na ile 3 ndogo juu yake zikionekana wazi, nikatuma na bili tatu. Walikubali baada ya barua ya pili, pesa ikarudi kwenye akaunti kama salio la bili. Sikuzipata mkononi hadi nilipozidai kwa maneno makali ya Kiingereza cha mke wangu.

#16 Mkemia wa Mtaa
Mtukutu, kokotoa na akili. Kwanza £79.40 ina ada ya siku ndani, haizidishwi. Pili, kosa la futi lingekuwepo tangu zamani, Septemba ingekuwa imevimba pia. Mita haigeuki kabila usiku wa tarehe 30. Labda kama mita imebadilishwa juzi. Kidumu, imebadilishwa?

#17 Kidumu
Haijabadilishwa. Nimetoka sasa hivi kabati la chini ya ngazi, tochi ya simu mdomoni, nimesogeza baiskeli, mashine ya kufagilia na mfuko wa mchele wa kilo 20 ambao nilidhani umeisha. Mita inasoma 04251 na imeandikwa m³.

Kwenye bili: Septemba ilianza 4099 ikaishia 4127. Oktoba 4127 hadi 4224. Na naona 4127 ina herufi E. Ile 4224 ina A.

#18 Fundi Boila
Bingo. E ni makadirio. A ni namba halisi, imesomwa kweli. Kwa hiyo 4127 ni namba iliyoota kwenye kompyuta. Inawezekana mwisho wa Septemba mita yako ilikuwa kwenye 4150, wakakukadiria kidogo, ukafurahia £29, na deni likahamia Oktoba. Oktoba imebeba mzigo wa miezi miwili.

#19 Mkemia wa Mtaa
Ngoja nihakikishe. Septemba mita za ujazo 28, ni kama uniti 314. Mara 6.33 ni £19.88, jumlisha siku 30 za ada £8.95: £28.83. Oktoba mita 97, ni kama uniti 1,088. Mara 6.29 ni £68.44, siku 31 za ada £10.55: £78.99. Zote mbili zimekaribia bili yako, tofauti ni ya mkoa. Kampuni haijakosea hesabu wala bei. Kama kuna kosa lipo kwenye hiyo 4127.

Na kama mita 23 zilikuwa za Septemba, Oktoba halisi ni mita 74. Bado ni nyingi ukilinganisha na 51. Fundi, E haielezi yote.

#20 Bi Shuwari
Oktoba si ndiyo baridi imeanza? Mnazunguka Mombasa kwenda Tanga wakati kivuko kipo hapo.

#21 Kadogo254
Hehe Bi Shuwari amemaliza kazi. Kidumu, mita janja huna? Mimi nilipoweka nilidhani makadirio yamekwisha, kumbe ikipoteza mtandao inarudi kuwa bubu na wanakadiria tena.

#22 Kidumu
Sina, mwenye nyumba hataki. Kuhusu kuwasha boila... tuliwasha tarehe 4 Oktoba. Mama mkwe alifika tarehe 3 kutoka Muheza.

#23 Laghai Mstaafu
Uzi ungeanza na sentensi hiyo tungeshalala.

#24 Ngosha Mtulivu
🤣🤣🤣 Tunatafuta futi na mita kumbe mgeni yumo ndani.

#25 Kidumu
Tafadhali muheshimuni mama. Ni kweli asubuhi nakuta themostati iko 25 nami naiacha 19. Hakuna anayekiri. Mke wangu ananiangalia tu.

#26 Fundi Boila
Usimguse mama. Kaguse boila. Kama ni ile isiyo na tangi la maji, tafuta joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Mafundi wengi tunaziacha 75 au 80 kwa sababu mteja akiona redieta inaunguza anafurahi. Boila za kisasa zinaokoa gesi pale maji yanaporudi chini ya nyuzi kama 55, ndipo mvuke unapogeuka maji na kurudisha joto lake. Weka 60. Nyumba itachelewa kidogo kupata joto, lakini itapata. Mwenye tangi la maji ya moto asishushe joto la tangi chini ya 60, kuna bakteria wanapenda maji vuguvugu.

#27 Laghai Mstaafu
Wote mnazunguka chanzo. Chanzo ni Urusi. Kabla ya Februari 2022 nani alikuwa anajadili herufi E? Na Waingereza wenyewe walifunga hifadhi yao kubwa ya gesi baharini, Rough, mwaka 2017, vita ilipokuja wakakimbilia kuifungua tena. Huuzi ghala la mahindi mwaka wa mvua.

#28 Shemeji wa Luton
Laghai, 2022 sawa. Januari 2023 bei kikomo ilifika £4,279, ikabidi serikali iishike kwenye £2,500 kwa kaya ya mfano, na gesi tukalipa kama peni 10.3 kwa uniti. Walitupa na £400 ya umeme kwa miezi sita. Oktoba 2025 uniti ilikuwa peni 6.29. Usimtwishe Putin themostati ya Reading.

Mimi 2021 nilikuwa nimefunga bei, yaani mkataba wa bei isiyobadilika, kwa miaka miwili. Majirani walinuna, nikawa nafungua dirisha hita ikiwa inawaka kwa makusudi. Mungu hachelewi: 2023 mkataba ulipoisha nilifunga tena kwa pupa kwa bei ya juu, zikashuka mwezi uliofuata.

#29 Kadogo254
So tufunge bei sasa ama tungoje? Ofgem hutangaza ya Januari mwishoni mwa Novemba.

#30 Mkemia wa Mtaa
Kadogo, kumbuka ukifunga bei umetoka kwenye bei kikomo. Angalia bei ya uniti NA ada ya siku, halafu faini ya kutoka mapema. Wengine wanakupa uniti rahisi wanakukamata kwenye ada. Sikushauri zaidi ya hapo, nilishawahi kumshauri shemeji yangu, hatusalimiani.

#31 Bi Shuwari
Bado hamjaniambia kwa nini ada imepanda. Gesi yangu ni ya chai na ya kuoga.

#32 Mkemia wa Mtaa
Sababu iliyotajwa zaidi safari hii ya Oktoba 2025 ni lile punguzo la £150 la msimu wa baridi kwa wenye kipato kidogo. Limepanuliwa, kaya milioni 2.7 zaidi zimeingia, na gharama yake inagawanywa kwa wateja wote kupitia bili.

#33 Bi Shuwari
Mimi nimepata barua ya hiyo £150. Kwa hiyo Kidumu ananilipia gesi ya chai?

#34 Kidumu
Karibu chai shangazi.

#35 Mtukutu Jr
Kwa hiyo wanakupa £150 mkono wa kulia na kukutoza ada mkono wa kushoto, Ngosha anaita hiyo LUKU.

#36 Laghai Mstaafu
Na kampuni zilizofilisika 2021 je? Zaidi ya 25 zilifunga milango, wateja wakahamishiwa kwingine, gharama tukabebeshwa kwenye ada.

#37 Shemeji wa Luton
Hiyo ilionekana zaidi kwenye ada ya umeme, si ya gesi. Angalia, Oktoba 2025 ada ya umeme ilikuwa peni 53.68 kwa siku.

#38 Laghai Mstaafu
Bomba ni lako au langu? Mtandao wa mabomba lazima utunzwe, ada inakwenda huko pia. Sijasema uongo.

#39 Mwana Sinza
Kilwa gesi ya Songo Songo imegunduliwa 1974, leo mtaani kwetu baadhi ya nyumba zina bomba la TPDC na wengine tuna mtungi. Mtungi una uzuri wake: ukiisha umeisha. Hakuna herufi E. Unautikisa tu.

#40 Ngosha Mtulivu
Na ukiisha katikati ya maharage?

#41 Mwana Sinza
Hapo unamtuma mtoto kwa jirani na sufuria. Huko wana Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko, sisi tuna Mama Abdul.

#42 Kadogo254
Speaking ya Ombudsman, Kidumu andika malalamiko rasmi sasa. Wiki nane zikipita bila jibu la maana unaweza kwenda Energy Ombudsman, bure. Na kwa yeyote anayeletewa bili ya zamani: hawaruhusiwi kukudai gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 nyuma kama kosa la kutokukuletea bili ni lao. Cousin wangu aliletewa ya miaka mitatu, ikabaki ya mwaka mmoja.

#43 Fundi Boila
Lakini atalalamikia nini? Kama 4127 ilikuwa ndogo, kusahihishwa kunahamisha uniti kutoka Oktoba kurudi Septemba ambako uniti ilikuwa ghali zaidi kwa peni 0.04. Atadaiwa peni moja ya ziada.

#44 Mkemia wa Mtaa
Mita 23 ni uniti 258. Mara 0.04 ni peni 10. Fundi umekosea mara kumi.

#45 Fundi Boila
Ndiyo maana mimi ni fundi boila.

#46 Kidumu
Wakuu nashukuru. Nimeshusha boila hadi 60, nimetuma namba ya leo. Kuanzia 4224 hadi 4251 ni mita 27 kwa siku saba, sijui kama ni baridi, ni boila au ni ile 25. Nitasoma tena Ijumaa saa kama hii. Mama kaniona natoka kabatini na simu mara ya pili, kaniuliza kwa upole, "Baba, huko chini kuna nini unachokipiga picha?"

#47 Laghai Mstaafu
Ukamjibuje?

#48 Kidumu
Nimemwambia naangalia mchele.